Plimoth si kosa la chapa

Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumapili kuhusu Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, makumbusho ya Plimoth Patuxet yamebatizwa upya na kuitwa "Plymouth". Nadhani msahihishaji wenu aliona i imekaa mahali pa y na u haipo, akaamini kalamu imeteleza. Haikuteleza.

Mji wenyewe, ulioko Massachusetts, ndio unaoandikwa Plymouth, sawa na bandari ya Uingereza ambako Mayflower, meli ya walowezi wa Kiingereza, iling'oa nanga mwaka 1620. Makumbusho yalipoanzishwa mjini hapo 1947 yalichagua tahajia iliyomo katika mswada wa William Bradford, gavana wa walowezi wale, aliyeandika historia yao kuanzia 1630 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1650. Sababu kubwa ni ya kikazi. Ukiona Plymouth, ni mji wa leo wenye benki na vituo vya mafuta. Ukiona Plimoth, ni kijiji cha karne ya 17 kilichojengwa upya kwa ajili ya wageni. Kwa sikio majina haya hayatofautiani hata kidogo, kwa hiyo mkizibadilisha herufi hizo mmefuta tofauti yote.

Wala isidhaniwe kwamba Plimoth ndiyo tahajia "halisi" ya zamani. Zama zile Kiingereza hakikuwa na tahajia moja iliyokubalika, na Bradford mwenyewe hakuandika jina hilo kwa namna moja siku zote. Makumbusho yalichukua mojawapo, yakashikamana nayo.

Wapo wanaosema haya ni madoido tu. Kwa maduka na vilabu vya pombe vinavyojiandika "Ye Olde" nakubaliana nao: y ile ilisimama badala ya herufi ya kale yenye sauti ya th, na neno lenyewe lilisomwa "the" tangu hapo. Hayo ni mapambo ya kibao. Lakini jina lililochukuliwa kwenye hati ni jambo jingine. Hata kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, ya 1882, imeandikwa "Suahili". Mkutubi akiingiwa na hamu ya kulisahihisha jina hilo kwenye orodha yake, atakayeitafuta kamusi hiyo atahangaika.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba Patuxet mliiondoa kabisa. Makumbusho yalipobadili jina mwaka 2020, miaka 400 baada ya Mayflower kufika, yalibakiza Plimoth na kuiweka kando ya Patuxet, kijiji cha Wampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kilichokuwapo mahali hapo hadi maradhi ya kati ya 1616 na 1619 yalipokimaliza. Msomaji wa makala yenu anaweza kudhani walowezi walishukia pori tupu.

Nafasi ikibana ukurasani, punguzeni vivumishi, maana "adhimu" peke yake nimeikuta mara nne. Jina la watu liacheni kama wanavyoliandika wenyewe.

Msomaji wenu,
Tanga