Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Foleni za Malori Kwenye Maghala Yetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu zake nyingi kwenye hesabu ya foleni. Kila lori linapolala nje ya geti, Industrial Area au Embakasi jijini Nairobi, jibu letu la kwanza limekuwa kujenga mlango mwingine wa kupakulia. Msimamo wa kamati ni kwamba mlango mpya uwe hatua ya mwisho, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuihusu mwaka 1909, akichunguza laini za simu. Chukua mlango mmoja unaopakua lori kwa wastani wa dakika 30, yaani malori 20 kwa siku ya saa 10. Malori yanakuja bila ratiba na kazi yenyewe inayumba, leo dakika 15, kesho 70. Yakija 10 kwa siku, kila moja husubiri wastani wa dakika 30 kabla ya kuguswa. Yakija 16, subira ni saa 2. Yakija 18, ni saa 4 na nusu. Yakifika 19, ni saa 9 na nusu, na hapo dereva analala getini.

Angalieni hatua ya mwisho: lori moja tu limeongezeka, subira imezidi mara mbili. Ndiyo maana meneja anayejivunia kwamba mlango wake haupumzi anajitafutia foleni. Tunashauri mzigo wa kazi usipite asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wa mlango. Nafasi inayobaki ndiyo inayomeza lori lililochelewa au paleti iliyovunjika.

Sasa dawa. Kanuni ya mwanahisabati John Kingman ya mwaka 1961 inaonyesha kwamba subira hupanda na kushuka pamoja na kuyumba kwa ujio na kwa kazi. Pima mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi nyakati zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake, ugawe kwa wastani huo, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe. Katika mfano wetu jibu ni 1 pande zote mbili. Ratiba ya miadi ikiushusha ujio hadi 0.25, na utaratibu mmoja wa kupakua ukifanya hivyo kwa kazi, yale malori 18 yatasubiri takriban saa 1 na dakika 8 badala ya saa 4 na nusu. Hakuna saruji iliyomwagwa.

Wenye milango miwili waunganishe foleni. Malori 18 kwa kila mlango, kila mlango na foleni yake, ni saa 4 na nusu. Foleni moja inayolisha milango yote miwili ni kama saa 2 na dakika 8. Hili halifanyi kazi pale mlango mmoja unapopokea bidhaa za baridi peke yake, au foklifti ikiwa moja tu. Hapo kinachohudumia ni foklifti, si mlango.

Walio karibu na bandari kavu ya Embakasi wasitumie mfano huu wa msingi bila kuurekebisha. Treni hushusha makontena kwa mkupuo, kwa hiyo ujio unayumba zaidi ya 1 na subira halisi itakuwa ndefu kuliko jibu la karatasini. Vilevile, malori yakiwa yamejipanga kabla ya kufungua saa mbili asubuhi, wastani wa siku hauoni lile rundo la asubuhi. Chora hesabu ya walioingia na waliotoka, saa kwa saa.

Makosa mengi huanzia kwenye daftari la geti. Soja huandika saa ya kuingia na ya kutoka basi, kisha muda wa kusubiri hati unahesabiwa kama muda wa kupakua. Tunataka saa nne: kufika, kuanza kupakuliwa, kumaliza, na kutoka na hati iliyopigwa muhuri. Mara nyingi pengo kubwa liko kati ya ya tatu na ya nne, kwa karani. Kuhakiki takwimu ni rahisi kwa kanuni aliyoithibitisha John Little, pia mwaka 1961: malori yaliyomo uani ni sawa na yanayoingia kwa saa yakizidishwa kwa saa yanazokaa. Yakiingia 3 kwa saa na kukaa saa 4, mnapaswa kuona 12. Mkihesabu 20, daftari linadanganya.

Mkutano unaombwa kupitisha maazimio mawili: fomu ya saa nne itumike kwa wanachama wote, na miadi ianze kwa vipande vya saa moja, kila kipande kikiacha nafasi moja wazi kwa atakayechelewa. Fomu ziko kwa katibu. Mweka hazina atasoma hesabu za fedha baada yangu.