Fundi, usikimbilie kusema kioo kimekufa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mi nina steshenari hapa Moshi, na kompyuta yangu ya mezani ni ya zamani kweli, ile ya waya wa VGA, wa kupeleka picha kwenye kioo, wenye kichwa cha bluu. Juzi nimewasha, feni inazunguka, taa inawaka, ila kioo cheusi, kinaandika tu hakuna signali kisha kinalala. Fundi mmoja akaniambia kioo kimekufa ninunue kingine. Jamani, kioo kinachoweza kuandika maneno kimekufaje? Nikakaza skrubu za waya, nikaangalia kama kuna pini imepinda, wapi. Basi nikachomoa umeme, nikafungua boksi, vumbi humo we acha tu, nikatoa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nikasugua zile sehemu za rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, taratibu, nikairudisha mpaka ikalia ka, kuwasha tu hii hapa picha!

Na wenye kadi ya grafiki, ile ya kutoa picha inayochomekwa ndani ya kompyuta, msisahau, waya wa kioo unachomekwa kwenye kadi, sio ile tundu ya ubao mkuu wa kompyuta (motherboard). Mafundi wetu naombeni mjaribu haya kwanza kabla hamjatutuma dukani, hela yenyewe ya kuchapa barua za watu.

Msomaji wako, Moshi