Polo ya "cc 1,200" ni ipi? Andikeni herufi za injini

Mhariri,

Kurasa za matangazo ya magari zina mstari mmoja unaowaumiza watu: "VW Polo, 2011, cc 1,200, otomatiki, kutoka Japani." Mnunuzi anausoma, analinganisha na Vitz au Demio, anaona cc zinakaribiana, anatuma pesa. Hakuna uongo hapo. Ila kile kinachoamua kama gari litatembea miaka mingi au litalala gereji hakimo kwenye mstari huo.

Polo ya kizazi cha 5, iliyoanza kuuzwa 2009, ilifungwa injini 4 tofauti ambazo zote huitwa 1.2. Ipo ya petroli ya silinda 3, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini ili kuongeza nguvu), cc 1,198. Ipo 1.2 TSI, jina la Volkswagen kwa injini zake za petroli zenye tabo, ya silinda 4 na cheni ya taimingi (inayofanya valvu zifunguke kwa wakati sahihi), cc 1,197. Ipo 1.2 TSI nyingine, nayo silinda 4 na tabo, lakini taimingi yake ni ya mkanda; cc 1,197 vilevile. Na ipo dizeli ya silinda 3, cc 1,199. Magonjwa yao hayafanani, na anayeingia duka la spea akaomba "gasketi ya hedi ya Polo 1.2" anabahatisha.

Kati ya hizo, TSI ya cheni ni ya ukoo wa zamani. Polo ya kwanza kabisa, ya 1975, ilikuwa na injini ya cc 895 yenye nguvu za farasi 40, ya ukoo unaoitwa EA111 ulioanzia kwenye Audi 50 mwaka mmoja kabla. Ukoo huo uliendelea kufanyiwa mabadiliko hadi kizazi cha 5. Vizazi vya 2 na 3 navipita, kwa sababu huku kwetu ni nadra kuviona barabarani. Shida zetu zinaanzia kizazi cha 4, cha 2001, ambacho mafundi wanakijua kwa jina la 9N.

Kwenye 9N, injini ya kuitafuta ni 1.4 ya valvu 16, cc 1,390, yenye herufi za injini (msimbo wa kiwanda) BBY au BKY. Haina tabo, nozeli zake zinapulizia petroli kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, na fundi wa kawaida anaielewa. Kinachowaponza mafundi ni mkanda. Injini hii ina mikanda miwili ya taimingi: mkubwa unatoka kwenye krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwenda kemshafti ya kuingiza (mhimili unaofungua valvu za kuingiza hewa), na mdogo unaunganisha kemshafti mbili zenyewe. Mdogo umejificha juu, na wengi wanabadilisha mkubwa tu kwa sababu ndio wanaouona. Ukikatika huo mdogo, kemshafti ya kutolea moshi inasimama, pistoni zinapiga valvu, na hedi lazima ishuke. Badilisha yote miwili pamoja na tenshena zake, yaani vikazio vyake, kila kilomita 90,000, au mapema kama historia ya gari haijulikani. Kemshafti zifungwe kwa pini zake maalumu kabla ya kulegeza chochote. Alama ya chokaa haitoshi.

1.2 ya silinda 3 haikuwa ya soko la Japani. Nyingi tunazoziona Afrika Mashariki zimetoka Uingereza. Ina cheni, na tenshena ya cheni hiyo inasukumwa na shinikizo la oili. Injini ikiwa imezimwa hakuna shinikizo, kwa hiyo cheni iliyochoka inabaki imelegea. Hapo ndipo tabia zetu mbili zinapoiua: kuegesha mlimani kwenye gia bila handibreki, na kusukuma gari ili liwake. Uzito wa gari unavuta krankshafti, cheni inaruka jino, valvu zinapinda. Betri ikiisha, tumia waya za kuchajia kutoka gari jingine. Usikubali kusukumwa.

Sasa nije kwenye TSI yenyewe, maana hapa ndipo kilio kilipo.

TSI ya cheni ina herufi CBZ. Ile iliyouzwa Japani ina nguvu za farasi 105. Ile ya mkanda, iliyokuja na maboresho ya 2014, ina herufi CJZ, na ile iliyouzwa Japani ina farasi 90. Mnunuzi akiona 105 dhidi ya 90 anachagua 105, akidhani ndiyo mpya au ndiyo bora. Kwa barabara zetu na foleni zetu farasi hizo 15 hatazisikia. Cheni ataisikia.

CBZ, hasa zile za miaka ya mwanzo, cheni yake inarefuka kwa kulika kwenye pini. Kuipima hakuhitaji mashine. Gari lilale usiku kucha, asubuhi gusa injini kwanza uhakikishe ni baridi, kisha mwambie mwenzako apige seli huku wewe umesimama upande wa dereva, boneti ikiwa wazi. Upande huo ndiko taimingi iliko. Ukisikia mlio wa kukwaruza kwa sekunde 2 au 3, mithili ya sarafu zikitikiswa kwenye kopo, kisha ukapotea oili ikishapanda, cheni na tenshena vimekwisha. Muuzaji akikuwashia gari kabla hujafika, rudi kesho yake. Taa ya cheki injini ikiwaka na mashine ikasoma P0016, usiendeshe tena. Msimbo huo unasema krankshafti na kemshafti hazikubaliani.

Kazi ya cheni haifanywi nusunusu. Inanunuliwa seti: cheni, tenshena, reli za kuongozea, gia, sili ya mbele ya krankshafti na bolti mpya ya puli. Bolti hiyo inavutika inapokazwa, na ukiirudisha ya zamani unaweka bomu. Wala usiilegeze kabla injini haijafungwa kwa vifaa vyake, maana taimingi itahama bila wewe kujua.

Kinachoharakisha kifo cha cheni hizi ni oili. Injini inachukua chini ya lita 4. Ikila lita moja, zaidi ya robo imeondoka, na tenshena inategemea oili hiyohiyo. Ratiba ya Ulaya ya kwenda hadi kilomita 30,000 bila kumwaga oili isifuatwe huku kwenye vumbi, joto na foleni. Mwaga kila kilomita 7,500, na kopo liwe limeandikwa VW 502 00 au 504 00. "5W-30" peke yake inakwambia wepesi wa oili, haikwambii kama inafaa injini hiyo. Petroli iwe ya oktani 95. Kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tangi, ingawa kwenye gari la Japani kimeandikwa Kijapani.

CBZ ina ugonjwa wa pili: mota ndogo ya umeme inayofungua mlango wa moshi kwenye tabo. Fimbo yake inakwama, gari linapoteza nguvu mlimani na taa inawaka. Wengi wanauziwa tabo nzima. Kabla ya kukubali, fundi aichezeshe fimbo hiyo kwa mkono na aiamrishe mota kwa kompyuta. Mara nyingi tabo yenyewe ni nzima.

CJZ ni ya ukoo mwingine kabisa, EA211. Ina valvu 16, wakati CBZ ina 8. Mkanda wake ni imara. Udhaifu wake uko upande wa pili wa injini, kule kwenye giaboksi: pampu ya maji na themostati zimeunganishwa kwenye nyumba moja ya plastiki, na pampu inazungushwa na kamkanda kake kadogo kutoka kwenye kemshafti. Plastiki inavuja taratibu. Tafuta ukoko wa rangi ya waridi chini ya nyumba hiyo. Ukiuona, badilisha seti nzima pamoja na kamkanda hako, na ujaze kulanti ya rangi ileile iliyoandikiwa gari hilo. Maji ya bomba yanajaza chumvi kwenye rejeta.

TSI hizi zote hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo migongo ya valvu za kuingiza haioshwi na petroli. Masizi yanajikusanya, injini inatetemeka ikiwa baridi na kumisi, yaani silinda moja moja inakosa kuwaka. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki pale. Manifoldi ifunguliwe, valvu zisafishwe.

Mhariri, wasomaji wengi wanalaumu injini kwa makosa ya giaboksi. Polo za Japani za kizazi cha 5, karibu zote za otomatiki, zina giaboksi iitwayo DSG, ya gia 7 na klachi mbili kavu, aina ya DQ200. Klachi moja inabeba gia 1, 3, 5 na 7. Ya pili inabeba 2, 4, 6 na rivasi. Gari likipoteza rivasi na gia shufwa kwa pamoja, tatizo liko upande mmoja, na hiyo si sababu ya kununua giaboksi nzima. Mwaka 2013 Volkswagen ilitangaza kubadilisha oili ya giaboksi hizi katika magari yapatayo milioni 1.6 duniani, kwa sababu oili ya sintetiki ilileta hitilafu za umeme kwenye nchi zenye joto na unyevunyevu. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar ndiyo hali hiyo hasa. Uliza kama gari lilibadilishiwa oili, na usimruhusu mtu arudishe sintetiki.

Kwenye foleni, usiliache gari litambae hatua kwa hatua. Linapotambaa klachi zinasuguana na kuungua. Kanyaga breki, subiri nafasi ifunguke, kisha ondoka mara moja. Na klachi mpya zikifungwa lazima zipimwe unene wa shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) na giaboksi ifundishwe upya kwa kompyuta. Ikiachwa hivyohivyo itaruka na kugonga, na mteja atadhani kauziwa spea bandia.

Mtego wa cc uko hata kwenye GTI, Polo ya mwendo kasi. GTI ya kwanza ya kizazi cha 5 ina cc 1,390, sawasawa na ile 1.4 ya upole niliyoisifu, lakini ina tabo na supachaja (kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe) kwa pamoja, na farasi 180. Zenye herufi CAV zinakunywa oili na kuvunja pistoni. CTH za baadaye zilirekebishwa. Kizazi cha 6, cha 2017, ambacho sheria ya Kenya ya kutoingiza gari la zaidi ya miaka 8 inazidi kukileta sokoni, nacho kina injini mbili za cc 999: MPI isiyo na tabo na TSI yenye tabo. Polo Vivo iliyounganishwa Thika kuanzia Desemba 2016 ni habari nyingine: ile ya 1.4 haina tabo, na mwenye nayo asitishwe na haya ya TSI.

Ombi langu ni dogo na halimgharimu mtangazaji chochote. Gari la Japani lina namba ya modeli kwenye cheti cha kusafirishia nje, na kwa Polo herufi za injini zimo ndani ya namba hiyo. 6RCBZ ni ya cheni. 6RCJZ ni ya mkanda. 6RCAV ni ile GTI inayovunja pistoni. 9NBBY ni 1.4 ya mikanda miwili. Kwa gari lililokwisha kufika, herufi hizohizo ziko kwenye kibandiko cha karatasi ndani ya buti, chini ya zulia karibu na tairi ya akiba, na nakala yake kwenye kitabu cha sevisi. Gazeti likatae tangazo la Polo lisilo na namba hiyo, kama linavyokataa tangazo la kiwanja lisilotaja kiwanja kiko wapi. Na msomaji anayetaka kutuma pesa wiki hii, aombe kwanza picha ya kibandiko hicho.

Fundi wa injini,
Dar es Salaam