Wifi, tafuta mwaridi wako kwa pua

Wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga, kwenye joto ulilolikimbia ukahamia Lushoto, ukatuachia sisi. Sote wazima, na Mama anakuulizia kila siku. Swali lako nimelipata, nikaona nilijibu hadharani, maana mnaolalamika ni wengi: mti umenunuliwa, umepandwa, umetoa maua mekundu makubwa ya kupigiwa picha, lakini ukiinama kunusa ni kama umenusa karatasi. Umeongeza samadi, umeongeza maji, umeuhamisha upande wa pili wa nyumba, na bado.

Acha kuutesa. Harufu haitiwi kwa samadi. Mwaridi ama umezaliwa nayo ama hauna, na kazi yetu bustanini ni kuilinda ile iliyopo. Huo ulioununua, kwa maelezo yako (kikonyo kirefu kilichonyooka, ua moja kwenye ncha, petali ngumu kama za nta), ni wa ukoo wa maua ya kukata, yale yanayolimwa Naivasha na Arusha ili yasafirishwe nje kwa ndege. Miwaridi hiyo ilichaguliwa kwa rangi, urefu wa kikonyo na siku ambazo ua litakaa kwenye chombo bila kuinamisha kichwa. Harufu haikuwa kwenye orodha, ikaachwa njiani. Mwaka 2015 watafiti wa Saint-Étienne, Ufaransa, walilinganisha Papa Meilland, mwaridi unaonukia sana, na Rouge Meilland, ambao karibu haunukii. Tofauti waliikuta kwenye kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza harufu ndani ya petali, RhNUDX1: kwa wa kwanza jeni yake inafanya kazi kwa nguvu, kwa wa pili ni kama imelala. Jeni iliyolala huiamshi kwa debe la samadi ya ng'ombe.

Kwa hiyo utafute mwingine, na safari hii uende na pua. Nenda kitaluni saa mbili asubuhi, jua likiwa bado changa. Saa saba mchana hata mwaridi mzuri unakuwa umeshatoa mafuta yake hewani na utaudharau bure. Usihukumu tumba, chagua ua lililofunguka nusu, lifunike kwa viganja viwili bila kulibana, lihemee pumzi ya moto mara moja, kisha vuta. Ule uvuguvugu wa pumzi ndio unaoifukuza harufu itoke. Ukisikia ile ya marashi ya mawaridi, ile ile ya kwenye mrashi, umepata. Ukisikia kitu kama chai kavu, huo ni wa ukoo wa Kichina, mzuri lakini si unaoutaka. Muuzaji akikuambia "utanukia ukikua", mshukuru, uendelee na safari.

Najua unauwaza ule wa Oman. Marashi anayoletewa Mama kutoka Jebel Akhdar yanatokana na mwaridi wa Damascus, na huo ni mti wa mahali pake: mlimani, karibu mita 2,000, baridi kali Desemba na Januari, kisha unachanua mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei. Baridi ndiyo inayouandaa kuchanua. Lushoto kuna baridi ya kuvaa sweta, lakini kwa mita 1,400 hivi karibu na ikweta usiitegemee ifanye kazi hiyo. Utapata kichaka kizuri cha majani na miiba, na maua ya kuhesabu.

Mimi ningekushauri utafute mwanawe. Mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, watu walizungushia mashamba yao uzio wa miwaridi ya aina mbili: wa Kichina, usiojua kupumzika, na wa Damascus aina ya vuli. Ikazaana yenyewe. Mtunza bustani Mfaransa, Bréon, aliuona mche usiofanana na wazazi wake, na karibu na mwaka 1819 mbegu zikafika Ufaransa. Ukoo wote wa miwaridi ya Bourbon umetoka hapo: harufu ya mzazi mmoja, kuchanua tena na tena kwa mwingine. Wazungu wanauuza kama mali ya bustani zao za kizamani, kumbe ni mtoto wa Bahari ya Hindi, jirani yetu kabisa.

Majina ya kukumbuka ni Louise Odier wa mwaka 1851, Zéphirine Drouhin wa 1868 ambao hauna miiba, na Madame Isaac Pereire wa 1881. Souvenir de la Malmaison wa 1843 unasifiwa kuliko yote, lakini kwa Lushoto nitakuzuia: ua lake lina petali nyingi mno, na ukungu wa asubuhi ukilowesha tumba, petali za nje zinagandana, za ndani zinashindwa kutoka, na ua linaozea humo humo likiwa duara la kahawia. Hata hivyo kitaluni kwetu huwezi kuukuta mti wenye jina. Tazama umbo: kichaka cha mita moja na nusu hadi mbili, matawi marefu yanayoinama, maua ya waridi iliyokoza yanayokaa matatu matatu, ua limejaa kama kikombe. Nyumba za zamani na misheni huko milimani hazikosi kichaka kimoja kisicho na mwenyewe. Omba vijiti.

Kijiti kikate kwenye tawi lililomaliza kuchanua wiki hiyo hiyo. Unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, macho manne (yale mafundo yanayochipua). Chini kata mshazari, chini kidogo ya jicho. Juu kata sawa, bila mshazari, nusu sentimita juu ya jicho. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo yapunguze nusu, kwa sababu kijiti hakina mizizi na kila jani linakunywa maji yasiyoingia. Jaza viriba mchanga wa mtoni na udongo wa msituni, nusu kwa nusu. Samadi bado, inaozesha. Zamisha macho mawili, shindilia kwa vidole, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Weka kivulini penye mwanga. Mizizi inatoka kati ya wiki ya nne na ya nane. Vijiti vinaanza kuchipua kabla ya hapo kwa akiba yao wenyewe, na hapo ndipo watu wanapoharibu: wanakivuta kuona kama kimeshika, wanakata nyuzi zilizoanza jana. Subiri uone mzizi kwenye tundu la kiriba. Panda vijiti sita ukitaka miche mitatu.

Faida ya mche wa kijiti ni kwamba una mizizi yake mwenyewe. Ule wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, ukichipua kutoka chini ya kiungo, ni shina mama linajitokeza, na usipoling'oa hapo hapo, mwaka wa pili una mwaridi pori mlangoni na ulioununua umekufa kimya kimya.

Mahali: jua la asubuhi, si chini ya saa sita kwa siku, na upepo upite. Usiubane ukutani. Shimo sentimita 50 kila upande, na kutoka mti hadi mti mita moja na nusu. Udongo wenu mwekundu wa Usambara umesuuzwa na mvua miaka mingi, una asidi kuliko mwaridi unavyopenda. Changanya konzi mbili kubwa za majivu ya kuni kwenye udongo wa shimo, uache wiki mbili, ndipo utie debe moja la samadi iliyoiva hadi inanuka udongo. Usivichanganye siku moja: majivu yanaifukuza naitrojeni ya samadi iruke hewani, na ile harufu inayowasha pua kama ya banda la kuku ndiyo mbolea yako inaondoka. (Wa Tanga watakaosoma hapa wasiige. Sisi tuko juu ya matumbawe, udongo una chokaa tayari. Huku majani yanageuka njano na mishipa inabaki kijani kwa kukosa chuma, na majivu yanazidisha.)

Mwagilia lita 10 hadi 15 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, chini kwenye shina, asubuhi. Tandaza majani makavu unene wa kiganja, yasiguse shina. Baada ya hapo samadi ndoo moja kila miezi mitatu inatosha. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia mahindi iache kwenye mahindi: kwa mwaridi inaleta majani laini, na majani laini ni pilau ya vidukari.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Tawi refu la Bourbon likisimama wima, linachanua kwenye ncha tu, kwa sababu jicho la juu linayakandamiza mengine yote. Lilaze. Chukua tawi la mita moja na nusu likiwa bado linapindika, liinamishe taratibu ndani ya siku mbili tatu, ulifunge kwa kamba ya katani kwenye kigingi, ncha ikitazama chini. Ndani ya wiki chache kila jicho mgongoni mwa tawi linaamka na kutoa kikonyo chake chenye maua. Tawi moja lililokuwa na maua matatu linakupa kumi na tano. Anzia tawi la chini na usilikunje ghafla. Likilia "kwaa" umeshalipoteza.

Kupogoa ni kidogo. Ua likichakaa, kata hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano. Julai, baridi ikiwa imeshika, punguza mti theluthi moja na uondoe matawi makavu na yanayosuguana. Basi.

Adui yako mkubwa huko ni ukungu. Kuvu ya madoa meusi inahitaji jani likae limelowa saa saba hivi ndipo iingie, na Lushoto hilo ni kila usiku wa masika. Doa jeusi lenye kingo za kuchanika, jani linageuka njano, linaanguka. Mti ukibaki uchi mara mbili mfululizo hauchanui. Kuvu inasubiri kwenye majani yaliyoanguka, kwa hiyo okota na uchome, usitupe kwenye mboji. Fungua katikati ya kichaka hewa ipite. Ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye machipukizi, nyunyizia maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, asubuhi ya jua, kila wiki. Salfa ya unga wanayotumia wakulima wa korosho kwa ubwiriunga inafaa pia, ila si wakati wa joto la kuzidi nyuzi 30, inachoma majani. Vidukari vinaondoka kwa vidole, au sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji. Dawa kali za dukani sikuandikii hata moja, kwa sababu ua hili unataka kulitia kwenye sufuria.

Kuhusu hiyo sufuria. Chuma kabla ya saa tatu asubuhi, maua yaliyofunguka siku hiyo. Pima kwa mzani: petali gramu 200, maji lita moja. Katikati ya sufuria weka kigae au stuli ndogo ya chuma, juu yake bakuli tupu, petali na maji kuzunguka. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kitasa kikitazama ndani, na juu ya mfuniko weka barafu. Moto mdogo kabisa. Mvuke unagonga baridi, unateremkia kwenye kitasa, unadondoka bakulini. Wazee wa Jebel Akhdar wanafanya hivyo hivyo kwa vyungu na vyombo vya shaba. Ukipata glasi moja, mililita 200, zima. Baada ya hapo unakusanya maji ya moto tu, na ukingojea zaidi petali zinaungua na marashi yote yananuka moshi. Chupa iliyochemshwa, ndani ya friji. Mafuta ya waridi usihangaike nayo: kilo moja inataka petali tani tatu hadi nne, kwa hiyo kile kichupa cha bei ya soda wanachokuuzia sokoni ni kitu kingine.

Mti ukishika, Mama anataka wake, japo nimemwambia matumbawe yatamsumbua na itabidi aupande kwenye pipa lililokatwa. Tuma vijiti kwa basi la asubuhi: vifunge kwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha jani la mgomba, kisha mfuko. Na ile mikato miwili, mshazari chini na sawa juu, usiisahau, wifi. Vikifika vimechanganyika hatuna njia nyingine ya kujua kichwa ni kipi na miguu ni ipi.

Wifi yako wa Tanga