Taarab ya zamani inaharibiwa kabla haijafika hewani

Mhariri,

Vipindi vya taarab na zilipendwa kwenye redio zetu za Malindi siku hizi vina sauti nyembamba iliyojaa mkwaruzo, na watangazaji husingizia ukongwe wa kanda. Ukongwe upo, lakini mwimbaji wa taarab Juma Bhalo, mzaliwa wa hapa hapa, hakuimba akiwa ndani ya mtungi. Sehemu kubwa ya ubovu hutokea wakati wa kunakili na kwenye mtambo wa kurushia.

Nyimbo nyingi huchukuliwa mtandaoni au hutumwa kwa WhatsApp, zikiwa zimeshabanwa mara mbili tatu. MP3 ya kilobiti 128 haiponi kwa kuhifadhiwa upya kwa kilobiti 320, kilichokatwa kimekatwa. Afadhali kutafuta kaseti yenyewe, maana bado zimo makabatini mwa watu.

Kaseti za pwani zina maradhi yake. Unyevu huzaa kuvu, na joto hulegeza gundi ya kile kipande kidogo cha sufi kinachobana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe. Kikidondoka, trebo (sauti kali za juu) hupotea na sauti huyumba. Fungua skurubu, hamishia utepe kwenye kasha zima. (Kasha lisilo na skurubu hupasuliwa, taratibu.) Utepe wenye kuvu usiingizwe kwenye deki nzuri kabla ya kusafishwa. Hedi ifutwe kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, kisha utepe uzungushwe mbele na nyuma wote mara moja kabla ya kunakiliwa.

Linalosahauliwa zaidi ni pembe ya hedi. Kila duka lilinakili kwa mashine yake, na pembe hazilingani. Kwa kila kaseti, zungusha kidogo kidogo skurubu iliyo kando ya hedi huku ukisikiliza kwa mono, yaani upande wa kushoto na wa kulia vikijumlishwa, mpaka trebo iwe kali kabisa. Lazima iwe mono, kwa sababu pembe ikikosea, upande mmoja huchelewa nyuma ya mwenziwe, na kwenye redio ya spika moja pande hizo zikijumlishwa trebo hufutana. Na wasikilizaji wangapi wana spika mbili jikoni? Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za kaseti, izimwe, isipokuwa kaseti ilirekodiwa nayo. Hifadhi kwa WAV (faili lisilobanwa), kilohezi 44.1, biti 24, kilele cha sauti kisipite desibeli -6.

Programu ya kuondoa kelele itumiwe kwa uchache. Kupunguza desibeli 6 kunatosha. Ukizidisha, mdonoo wa uzi wa udi huondoka pamoja na kelele, na mpiga udi Zein l'Abdin wa Lamu bila mdonoo ule ni heri asipigwe.

Halafu kuna kompresa ya studio, kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo. Mwimbaji anaponyamaza kati ya beti, kompresa huinua kila kilichobaki, yaani kelele ya utepe, ndiyo ile pumzi inayosikika. Muda wa kompresa kuachia urefushwe, na geti, inayoizuia kuinua kelele wakati wa kimya, iwashwe. Limita, kizuizi cha sauti isipite ukomo, nayo huiumiza tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe: FM huinua trebo kabla ya kurusha, karibu desibeli 14 kwenye kilohezi 15, kwa hiyo ala kali hufika ukomo mapema na kukatwa vichwa. Punguza msukumo wa kuingilia limita kwa desibeli 3 au 4. Kipindi kitasikika chini kidogo kuliko matangazo ya biashara, na si hasara.

Mitambo mingi ya sasa huhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja. Fundi aweke mmoja wa Bongo Fleva na mwingine wa taarab, ubadilishwe kipindi kinapoanza.

Fundi wa redio,
Malindi