Kompresa imefika, na usiku ikatuamsha

Tanga,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kutoka kwetu Ngamiani. Masika yameshika kweli huku, nguo zinakaa kambani siku tatu na bado zinanuka kuvu. Mama watoto anakusalimu, na anakukumbusha deni lako la ndizi.

Ile kompresa niliyokuwa nikiiimba tangu mwaka juzi, mashine ya kubana upepo wa kupulizia rangi, imeingia nyumbani. Tangi lita 50, mota ya hosipawa 2. Uliponiuliza kama na wewe ununue nikasema nunua, simu ikakatika kabla sijakwambia yaliyonikuta. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Siku ya kwanza nusura niiue. Nimeshaitoa kwenye boksi, magurudumu nimefunga, nimechomeka, kidole kiko kwenye swichi. Mwanangu akasema, "Baba, hapa pameandikwa haina oili." Kakaratasi kadogo kamefungwa kwa uzi kwenye mpini, mimi sijakaona. Kumbe zinasafirishwa zikiwa kavu, na tundu la oili limezibwa kwa kizibo cha plastiki. Unakitoa, unamimina oili ya kompresa mpaka ifike kwenye kidoti chekundu cha kile kioo cha duara, halafu unafunga kipumulio kilichomo kwenye mfuko wa nati. Usije ukatia oili ya gari iliyobaki stoo. Ile ina dawa za kusafishia injini, humu itakutolea povu na kuacha masizi kwenye valvu. Kisha fungua koki ya chini ya tangi uiache izunguke bure nusu saa, isibane upepo, ringi zizoeane na silinda.

Nasema izunguke, lakini yangu ilizunguka siku ya tatu. Siku mbili za mwanzo ilikuwa inaguna tu, mmmmm, taa za sebuleni zinafifia, halafu kitufe cha kuilinda mota kinaruka. Unajua banda langu liko uani. Umeme nilikuwa nauvuta kutoka sebuleni kwa ekstensheni ya mita 25, ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu. Nikampigia muuza duka kwa hasira, nikamwambia amenipa mzoga. Akasema ilete. Nimeshaita bajaji, akapita jirani yetu fundi umeme, akaomba kwanza aushike waya. Aliushika, akanitazama bila kusema neno. Nikaushika na mimi: wa moto kama glasi ya chai.

Mota inapoanza inavuta umeme mara tano sita ya ule inaoutumia ikishachanganya. Waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani, kinachofika hakina nguvu ya kuisukuma pistoni. Tukavuta waya wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka mein swichi, na breka yake yenyewe ya ampea 20. Nilipobonyeza, iliitika palepale. Muuza duka nikampigia tena kumwomba radhi, akacheka mpaka nikaona haya. Kwa hiyo wewe, kama banda liko mbali na nyumba, refusha mpira wa upepo, waya wa umeme usiurefushe.

Sasa sikia kisa cha usiku. Jioni ile nilijaza tangi hadi bari 8 za mgandamizo wa upepo, swichi ikajikata yenyewe, ikashusha pumzi, pssss, nami nikaenda kulala kifua mbele bila kuchomoa plagi. Saa nane usiku: nguruuuu! Kuku wakatawanyika, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia, mama watoto akanishika mkono, "Kuna mtu uani." Nikatoka na panga, shuka kiunoni. Mtu mwenyewe ni kompresa. Upepo ulikuwa ukivuja taratibu, ulipofika bari 6 swichi ikaiwasha ijaze tena, kama ilivyoundwa. Sijui ilishafanya hivyo mara ngapi, na uniti za umeme wa LUKU zinayeyuka.

Asubuhi nikakoroga sabuni ya unga, nikachukua brashi ya kunyolea, nikapaka kila kiungo. Kwenye geji kimya. Kwenye valvu kimya. Kwenye kapla, kile kiungio cha mpira wa upepo, vikaanza kuota viputo, kimoja kimoja, kama mdomo wa kaa. Kosa langu mwenyewe: tepu nyeupe ya kuzibia thredi niliizungusha kinyume, nilipokaza ikajikunjua. Ncha yenye thredi ikutazame, zungusha kufuata mishale ya saa, mizunguko minne basi.

Kinachonipa kazi mpaka leo ni maji. Upepo wa pwani umebeba maji hata usipoyaona, ukibanwa na kupoa ndani ya tangi yanajitenga. Jana baada ya kupuliza mchana kutwa nikafungua koki ya chini nikakinga kikombe kizima cha kahawa, meupe kama maji ya kuoshea mchele, yananuka oili. Ukiyaacha yanalitafuna tangi kwa ndani, nje huoni kitu. Filta ya maji mimi niliifunga palepale kwenye kompresa, upepo ungali wa moto, maji yakapita kama mvuke. Mlango wa kwanza wa kabati la mninga ukatoka na vidoti kama tetekuwanga. Nikaukwangua wote, nikarudia upya sanding sila, ile ya kupaka kabla ya vanishi. Sasa filta iko mwisho wa mpira, karibu na bunduki ya rangi, na mlango wa pili umetulia kama kioo.

Mabomba ya plastiki ya maji usifunge ukutani kupitishia upepo, hata wakikwambia ni nafuu. Likipasuka linarusha vipande. Na kompresa ikae nje ya chumba cha kupulizia, swichi yake inatoa cheche, wewe humo ndani umejaza harufu ya thina.

Ubaya wake? Kwenye kibati wameandika lita 200 za upepo kwa dakika, lakini hiyo ni hesabu ya pistoni, inayotoka mpirani ni pungufu. Napuliza mlango mmoja, geji inashuka, nasimama, nakunywa kahawa, inajaza. Kwa vitanda vyako itakutosha. Kwa kazi ya magari, hapana.

Idd ukishuka Tanga, njoo na ile bunduki yako ya rangi yenye tundu la milimita 1.4. Yangu ya 1.8 inamwaga vanishi kama mfereji wa paa. Na ndizi za watu.

Ni mimi swahiba wako,
fundi wa uani