YAH: KUFUNGA MUHULA, UKAGUZI WA MAZINGIRA NA KOKI YA TANGI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Kila mwanafunzi atakabidhiwa ripoti yake mkononi. Irudi ikiwa na sahihi yako. Matokeo kwa jumla ni mazuri, isipokuwa Hisabati ya Kidato cha Pili, na wanaohusika wameshaandikiwa na mwalimu wa somo.

Sasa niwape habari ya Kidato cha Tatu. Muhula huu wamefanya ukaguzi wa mazingira wa shule nzima. Najua wapo waliodhani ni ule usafi wa kila Jumamosi uliopewa jina jipya. Sivyo. Walipita jengo kwa jengo na madaftari yao, wakaandika kila taa inayowaka mchana bila kazi, kila koki inayodondosha na kila pipa linajaa nini. Walipima bati la bwalo kwa futikamba, wakapata mita za mraba 300. Kisha mwalimu wa Jiografia akawapa hesabu ambayo nami niliisikiliza nikiwa dawati la nyuma: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya bwalo letu ni lita 6,000, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Maji hayo miaka yote tumeyatazama yakichimba makorongo uwanjani, huku tukilalamika kwamba shule haina maji.

Hawakuishia kwenye hesabu. Waliiandikia Bodi ya Shule barua yenye mchoro, Bodi ikaridhia, na bwalo sasa lina magata na tangi.

Halafu kuna mboji. Mabaki ya chakula yakifukiwa jalalani bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Watoto wenu sasa wanayachanganya na majani makavu nyuma ya jiko na kuyageuza kwa koleo. Siku ya maonyesho, binti mmoja ambaye mwaka jana hakuwahi kunyoosha mkono kwenye kipindi cha Kemia alimshika Mwenyekiti wa Bodi mkono akamwonyesha mvuke unaotoka katikati ya rundo, akaeleza kwamba ni vijidudu vinakula na kupumua. Mwenyekiti akauliza mbona halinuki. "Likinuka ujue limekosa hewa, mzee. Tunaligeuza." Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu, na nawaambia nilijisikia fahari kuliko siku ya kusoma matokeo.

Ndiyo maana yafuatayo yananikera.

Kwanza, wapo wazazi wanaowaombea watoto ruhusa kila Alhamisi mchana, siku ya vitendo, kwa hoja kwamba "hayatoki kwenye mtihani". Hesabu ya bati ni Hisabati. Rundo la mboji ni Kemia na Biolojia. Barua kwa Bodi ni insha rasmi. Na elimu ya tabianchi si mradi wa Mkuu wa Shule aliyekosa kazi: imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa 1992, kifungu cha 6, na imerudiwa katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Paris wa 2015. Wanaokulia katika joto hili ni wao. Muhula ujao ruhusa za Alhamisi zitatolewa kwa cheti cha daktari tu.

Pili, koki. Wiki moja baada ya maonyesho, wavulana wanne walipanda juu ya tangi usiku kupiga picha, wakaikanyaga koki kama ngazi, ikakatika, wakakimbilia bwenini. Hakuna aliyemwamsha mlinzi. Maji yalimwagika hadi alfajiri, na waliolikuta tangi tupu ni wale wale waliopima bati. Koki hununuliwa. Kilichonichoma ni wanne kulala usingizi wakisikia maji yanamwagika, na zaidi ya hapo, baadhi ya wazazi wao kuja ofisini kwangu na kumfokea mwalimu wa nidhamu mbele ya watoto hao hao: "Si maji ya mvua tu, yatanyesha mengine." Mzazi akishasema hivyo, mimi nimfundishe nini mtoto huyo? Kama una malalamiko, njoo, keti, mtoto abaki nje, tuzungumze kama watu wazima. Wanne hao wamesimamishwa wiki mbili, gharama ya koki ni ya wazazi wao, na wakirudi watapima kina cha maji tangini kila asubuhi na kukibandika ubaoni muhula mzima. Uamuzi huu haujadiliwi.

Tatu, ada. Magata ya bweni la wasichana yamelala stoo kwa sababu fundi hajalipwa, na fundi hajalipwa kwa sababu wapo kati yenu wanaodaiwa tangu muhula uliopita na hawapokei simu ya mhasibu. Mwenye shida ya kweli aje tupange, wengi wamekuja na tumeelewana. Anayekaa kimya, mtoto wake hatapokelewa siku ya kufungua.

Mnaokuja kuwachukua watoto kwa magari, zimeni injini mkifika getini. Wanafunzi walibandika tangazo kuhusu hilo na mmoja wenu akalibandua kufutia kioo. Nilimwona.

Tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti. Kila mwanafunzi arudi na jembe au koleo.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule